Mashine Haijui Ngeli: Dhana Potofu Kuhusu Word katika Somo la Lugha

Dhana: Programu ya kuandikia kwenye kompyuta, kama Word, ni taipureta ya kuchapia mitihani tu.

Chukua amri ya kutafuta na kubadilisha, Ctrl na H. Andika ubaoni: "Jana walimu walifundisha Kiswahili." Waambie wanafunzi waipeleke sentensi wakati ujao kwa kubadilisha kila "li" kuwa "ta". Mashine itatii: "Jana watamu watafundisha Kiswahita." Wakishamaliza kucheka, waulize: "li" ipi ni ya wakati, na ipi ni sehemu ya neno? Kwa nini "jana" imebaki palepale? Na kama sentensi ingekuwa na "hawakufika", mbona isingeguswa kabisa? Hapo somo la viambishi limejifundisha lenyewe.

Vivyo hivyo kwa ngeli. Badilisha "mtoto" kuwa "watoto" katika hadithi nzima, nao warekebishe vivumishi na vitenzi vilivyoachwa nyuma: "watoto mdogo aliamka" na wenzake. Mimi huona zoezi hili linazidi kurasa tatu za "andika kwa wingi", kwa sababu hapa sentensi zinashikana.

Dhana: Pasipo na mstari mwekundu hapana kosa.

Kikagua tahajia hulinganisha neno moja moja na orodha yake. "Kitabu imeanguka" itapita. "Walikwenda kupiga kula" nayo itapita, maana kula ni neno halali, hata kama aliyeandika alikusudia kura. Kinyume chake, lugha ya ukaguzi ikiwa imewekwa Kiingereza, insha safi ya Kiswahili itajaa wekundu kama surua. Anza kwa kubadili lugha hiyo, kisha wape aya yenye makosa kumi ambayo mashine imeyafumbia macho, wayasake wenyewe.

Dhana: Zoezi la kujaza nafasi hutengenezwa kwa kufuta kila neno la tano au la saba.

Kwa Kiingereza, sawa. Kwetu neno kama "aliyemwandikia" limebeba sentensi nzima, na ukilifuta unamwachia mwanafunzi ramli. Futa kiambishi: "kiti __mevunjika". (Wengine huficha jibu kwa kulipaka rangi nyeupe. Kwenye karatasi linafichika. Kwenye skrini mtoto huburuta kipanya juu yake, likaonekana.)

Dhana: Lazima kila mwanafunzi awe na kompyuta, na intaneti iwepo.

Hapana. Word iliyosakinishwa na LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure, hufanya haya yote bila mtandao, na kompyuta moja yenye printa yatosha. Weka kila sentensi ya maelezo kwenye mstari wake, kisha bonyeza amri ya kupanga kialfabeti: "Baadaye" na "Hatimaye" zitatangulia "Kwanza". Chapisha, wapange upya kwa mantiki. Ila hifadhi nakala ya asili kabla ya kuvuruga.

Dhana: Kufuatilia mabadiliko (Track Changes, amri inayoonyesha kila kilichofutwa au kuongezwa) ni kalamu nyekundu ya kisasa.

Ukimsahihishia kila kitu, mwanafunzi atakubali mabadiliko yote kwa mbofyo mmoja bila kusoma hata moja. Mwachie maoni pembeni, "tazama upatanisho hapa", halafu yeye ndiye awashe ufuatiliaji na kurekebisha. Faili likirudi, utaona alichofuta, alichoongeza, na mahali alipobahatisha.