Hatumpi mtoto wembe

"Mwalimu, daftari la mwanangu liko tupu."

Hiyo ndiyo salamu ninayoipokea kila Machi, watoto wapya wakishamaliza miezi miwili darasani kwangu. Mzazi anafika na daftari mkononi, kalifungua katikati, ananionyesha kurasa nyeupe utadhani herufi za mwanawe nimezificha mimi. Mwaka huu walinifuata wanne ndani ya wiki moja. Wa mwisho, baba mmoja mstaarabu kabisa aliyenikuta nafunga geti, alimalizia kwa methali: "Mtoto akililia wembe mpe, si ndiyo mfumo wenu?" Nikacheka kwa adabu, nikamuaga. Njiani nikawa najibishana naye peke yangu kwenye daladala, na yaliyobaki bila kusemwa ndiyo haya.

Nafundisha watoto wa miaka mitatu hadi sita, wote chumba kimoja, kwa njia ya Montessori, ile iliyoanzishwa na daktari Mwitaliano Maria Montessori, ambamo mtoto hujichagulia kazi na kujifunza kwa mikono yake, na huu ni mwaka wangu wa 17.

"Mtoto akichagua mwenyewe, basi hakuna anayemfundisha"

Hoja hii ya wazazi nitakaa nayo, kwa sababu nyingine nyingi ni vitoto vyake.

Ni kweli mtoto anachagua kazi. Akiingia asubuhi hamkuti mwalimu akimsubiri ubaoni. Anavua viatu, anatundika begi, anasalimia, anakwenda kwenye rafu. Mzazi akichungulia dirishani anaona huyu anamimina maji, yule anapanga mbao, mwingine kakaa kitako anaangalia wenzake, na mwalimu kajikunyata pembeni na kidaftari chake. Anaondoka akijua moja tu: ada yake inamwagwa pamoja na yale maji.

Asichokiona ni kwamba hakuna mtoto anayechukua rafuni kazi ambayo hajafundishwa. Isome tena sentensi hiyo, tafadhali, maana nimeshaisema vikao vingi vya wazazi na bado naulizwa.

Tuchukue kisu, kwa kuwa wembe umeshatajwa. Tuna kisu kifupi kisicho na ncha kali, kibao, na ndizi mbivu. Kabla mtoto hajakigusa nimekaa naye mkekani nikamwonyesha: mkono huu unashika mpini, vidole vya mkono ule vinakunjwa hivi, kisu kinashuka chini, hakisukumwi mbele. Sisemi neno wakati mikono inafanya kazi, kwa sababu mtoto wa miaka minne akifuata mdomo haoni mikono. Halafu anafanya yeye. Kuanzia hapo kisu ni kazi yake. Akikitaka kesho atakichukua bila kuniomba, atakata, atawapitishia wenzake vipande kwenye sahani, ataosha kibao, atakirudisha kilipokuwa. Akimnyooshea mwenzake, kinaondoka rafuni siku hiyo, na wala simpi hotuba. Anajua kwa nini.

Sasa huo ndio wembe? Anayempa mtoto wembe ni yule anayemwacha na simu tangu saa kumi na mbili jioni mpaka asinzie.

Na kila kifaa kipo kimoja tu. Wazazi wakiambiwa hivi hudhani shule haina pesa, na kuna mmoja alijitolea kutununulia vingine, Mungu ambariki. Kipo kimoja kwa makusudi. Ukikitaka na mwenzako anacho, unasubiri, au unatafuta kazi nyingine, na huruhusiwi kumnyang'anya wala kumsumbua. Mtoto wa miaka mitatu anayesubiri kitu anachokitamani sana, siku tano kwa wiki, anajengwa uvumilivu ambao hakuna shairi la nidhamu litakaloujenga.

Kisha kuna kosa, na hapa ndipo ninapowapoteza wazazi kabisa. Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni gogo la mbao lenye matundu kumi, na vizibo kumi vya kuchomeka, kila kimoja na unene wake. Ukikosea kimoja, mwishoni utabakiwa na kizibo kisichoingia popote. Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka minne alibakiwa na kile kinene. Akakijaribu kwenye tundu dogo, akakigonga kwa kiganja, akaniangalia. Nikaangalia pembeni. (Mikono nimeifunga nyuma ya mgongo, nikiiacha mbele inajipeleka yenyewe.) Akalipapasa gogo zima kwa kidole, akang'oa vizibo vyote, akaanza upya. Raundi ya tatu vikaingia. Hakuniita nione, hakudai makofi. Alivimwaga tena akarudia, kisha akarudia.

Kosa lake hakuambiwa na mtu, aliambiwa na kizibo. Linganisha na kalamu nyekundu, ambapo mtoto hajui kama kapata au kakosa mpaka mkubwa aamue. Huyo atakuja kuwa kijana wa chuo anayeuliza "hapa niandike nini?"

Tukirudi kwenye daftari tupu: kile kizibo kina kishikio kidogo, na mtoto hukishika kwa vidole vitatu vilevile vitakavyoshika penseli. Akitoka hapo anapitisha vidole kwenye herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa huku akitamka sauti ya kila herufi. Mkono unajifunza kuandika miezi mingi kabla ya karatasi. Siku ukikomaa anaandika, na wengine huandika kabla hawajasoma, jambo linalowashangaza mama zao zaidi kuliko mimi.

Jambo la mwisho katika hili, maana mgeni akifika saa mbaya huliona akakimbia. Asubuhi yetu ni kazi mfululizo kwa muda wa saa tatu, bila kengele. Tunaanza saa mbili na nusu, na ikikaribia saa nne darasa linachafuka: wanazurura, wanaongea kwa sauti, wanasukumana kidogo. Maria Montessori alikwishaiona hali hiyo akaiita uchovu wa uongo. Mwaka wangu wa kwanza sikumwamini. Kila siku ikifika saa hiyo nilipiga makofi, nikawakusanya, tukaimba, na kila siku kazi iliyofuata ilikuwa hafifu. Mwalimu aliyekuwa ananilea akaniambia nikalie mikono yangu. Siku niliyothubutu, kelele zilidumu kama dakika kumi na tano hivi, zikashuka zenyewe, wakarudi mikekani na kuchukua kazi ngumu kuliko zile za asubuhi. Waliojituliza ni wao. Mimi nilikuwa nimewapora nafasi hiyo mwaka mzima kwa nyimbo zangu.

"Samaki mkunje angali mbichi, bila fimbo hatakomaa"

Methali nyingine ya wazazi. Kanuni za 2002 hapa Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule, na bado kuna mzazi anayeniletea mtoto wa awali na kuniambia "usimwonee huruma, Mwalimu." Mtoto anayechapwa kwa kukosea hujifunza kitu kimoja kwa haraka sana, kuficha kosa. Namjua akifika darasani kwangu. Akimwaga maji anasimama juu ya lile dimbwi, kasimama wima kama askari, ili nisilione. Inanichukua muda mrefu kumfikisha mahali pa kwenda kuchukua tambara mwenyewe. Na huyo ndiye niambiwe kakomaa?

"Akifika darasa la kwanza atashindwa"

Hatashindwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kama ndiyo hofu. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest kutoka Milwaukee, Marekani. Waliwalinganisha watoto waliopata nafasi katika shule ya Montessori kwa bahati nasibu na wale walioomba wakakosa, ili isiwe hoja kwamba wazazi wa kundi moja wanajali zaidi. Walipofika miaka mitano, wa Montessori walikuwa mbele katika kutambua herufi na maneno, katika hesabu, na katika kubadili mkakati pale kanuni ya mchezo inapobadilika. Ni shule moja katika mji mmoja, nakubali. Lakini wanaonitisha na usaili wa darasa la kwanza huwa hawana hata utafiti huo mmoja.

Kinachowasumbua wanafunzi wangu huko ni kingine. Wiki za mwanzo wanainuka bila ruhusa kwenda kuokota karatasi sakafuni, au wanamsaidia jirani aliyekwama, na wanaambiwa wakae. Wanazoea. Walimu wao wanapiga simu kulalamika, kisha mwezi wa pili simu zinakoma.

"Ni mambo ya wazungu wenye pesa"

Darasa la kwanza la aina hii lilifunguliwa Januari 6, 1907, San Lorenzo, mtaa wa mafukara pale Roma, kwa watoto wa vibarua waliokuwa wakiachwa peke yao mchana kutwa wakiharibu kuta za jengo. Kwetu, Ubiri kule Lushoto kuna chuo cha walimu wa Montessori kinachoendeshwa na masista. Vifaa vyangu vingi vya kumimina na kuhamisha nimenunua sokoni: vikombe, vijiko, maharage, choroko, ungo mdogo.

Na huo uzungu wenyewe uko wapi? Mtoto wa kijijini wa miaka sita anachunga mbuzi, anajua wa kwao na wa jirani, anamtuliza mdogo wake mgongoni. Mwalimu Nyerere alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mojawapo ya mambo aliyoyataka ni elimu inayomjengea mtu akili ya kudadisi. Tulioyapoteza haya ni sisi wa mjini, wenye dada wa kazi na geti. Mtoto huyohuyo asiyeweza kuvaa soksi Dar es Salaam anakwenda likizo kwa bibi yake Same, na baada ya wiki mbili anarudi anajua kuchota maji na kufagia uwanja. Bibi hakusoma Montessori. Alikuwa na kazi nyingi tu.

"Kumsaidia ndiyo kumpenda"

Mlishe mtoto wa miaka mitano kwa kijiko kwa sababu mnachelewa gari, halafu njoo uniulize kwa nini hajiamini. Ushauri wangu ni mmoja na nautoa kwa kila mtu, hata asiyeuomba. Amkeni dakika ishirini mapema. Wekeni kigoda karibu na mlango, viatu chini yake, vya kubandika, si vya kamba. Mtoto akianza kuhangaika, hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kabla mkono wako haujaondoka. Wengi hawafiki kumi na mbili. Nimewahesabia.

Na akimaliza usimwambie "una akili sana". Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto wanaosifiwa akili, wakishakutana na swali gumu, huvunjika moyo upesi kuliko wanaosifiwa jitihada. Mwambie ulichokiona: "umevaa vyote viwili." Inatosha.

Mama mmoja kati ya wale wanne wa Machi alirudi wiki iliyopita. Safari hii hakuja na daftari. Alisema mwanawe amemwaga uji jikoni, akaenda mwenyewe kutafuta kitu, akadeki sakafu nzima, akakamua, akaanika kambani. Kitu chenyewe kilikuwa kitenge chake kipya cha harusi ya mdogo wake. Alitaka kujua hilo nalo nimemfundisha mimi. Nikamwambia ndiyo, isipokuwa kitenge, na amnunulie mtoto tambara lake, alitundike chini kabisa pale mkono wake unapofika.