Kuwa mangaka: tunayoambiana kuhusu hii kazi na ilivyo kweli

Kila wiki lazima nipate meseji ya mdogo wangu mmoja, wengi wako sekondari au chuo mwaka wa kwanza, ananitumia picha ya daftari la Kemia ambalo kurasa za nyuma zote zimejaa Goku na Zoro, wale wahusika wa Dragon Ball na One Piece, halafu chini anauliza: kaka nifanyeje niwe mangaka, yaani mchoraji wa manga, zile hadithi za katuni za Kijapani? Mimi mwenyewe nachora, hii sanaa naipenda kutoka moyoni, kwaiyo sitaki kumkatisha mtu tamaa hata kidogo. Ila nikiongea nao nagundua wengi wanaijua manga kama wasomaji tu, kazi yenyewe inavyofanyika kule Japani hawaijui, na wanayoyajua ni yale ya kusikia kwa washkaji. Ngoja niyaseme yale nnayokutana nayo sana.

"Ukijua kuchora vizuri, umemaliza"

Hii ndo inawapoteza wengi. Kuna jamaa anatumia jina la ONE, mwaka 2009 alianza kuweka manga yake One-Punch Man mtandaoni bure kabisa. Michoro yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida sana, mikono haikai sawa, sura zimepinda, lakini watu walisoma kwa sababu stori inatembea, fremu moja inakusukuma kwenye fremu ya pili na kichekesho kinafika pale pale kinapotakiwa kufika. Halafu Yusuke Murata, ambaye huyo ni fundi hasa wa mkono, ndo akamfuata ONE akaomba waichore upya, ikaanza kutoka 2012. Yaani fundi alimfuata mwenye stori.

Kule Japani kabla hujagusa ukurasa wa mwisho unatengeneza kitu wanaita nemu. Ni rasimu ya chapta nzima, vijitu vya mistari tu, unaonyesha ukurasa una fremu ngapi, nani anasema nini, na ni wapi msomaji akifunua ukurasa akutane na kitu cha kumshtua. Nemu ndo inaenda kwa mhariri, na nemu ndo inarudishwa, inarudishwa tena, inarudishwa tena. Akira Toriyama alikuwa anafanya kazi ya michoro ya matangazo Nagoya, akaacha, akaanza kupeleka kazi Jump, jarida kubwa la manga linalotoka kila wiki, akiwa na miaka 23. Mhariri wake Kazuhiko Torishima alikuwa anakataa tu, na Toriyama mwenyewe alishasimulia kwamba ndani ya mwaka mmoja zilikataliwa kama kurasa 500. Dr. Slump ikaja 1980, Dragon Ball 1984. Huyo ni Toriyama, ambaye mkono wake hakuna anayeubishia, na shida haikuwa mkono.

Kwaiyo mtu akinitumia Zoro amepakwa kivuli vizuri nampongeza kwa dhati, halafu namwomba anitumie kurasa tatu za watu wawili wanaogombania kiti kwenye daladala. Hapo ndo naona kama stori inatembea.

"Chapta moja kwa wiki sio nyingi, ni kurasa 19 tu"

Nilikuwa nasema hivi hivi mpaka nilipojaribu. Mwaka juzi nilichukua likizo ya wiki nzima, nikasema natoa kurasa 19 kama mangaka wa majarida ya kila wiki, Jumatatu mpaka Jumapili. Stori yenyewe ilikuwa ndogo tu, mama wa genge anapigiwa simu na mtoto wake aliyepotea miaka mingi. Nemu peke yake ilinila siku mbili na nusu. Ukurasa wa nne kuna fremu moja mama anageuka na simu sikioni, nyuma yake kuna mafungu ya nyanya, ndizi zimening'inia, mzani, na turubai limefungwa kamba. Ile fremu moja ilinichukua saa nne, kwa sababu ukishachora genge mara moja inabidi genge hilo hilo lionekane kutoka pembe nyingine kwenye fremu inayofuata na mzani usihame. Jumapili usiku nilikuwa na kurasa saba zilizopigwa wino, zingine penseli tu, kidole gumba kimevimba kwenye kiungo siwezi hata kufungua chupa ya maji. Na ile ilikuwa wiki moja. Wenzetu Jumatatu inayofuata wanaanza nyingine, na nyingine, Eiichiro Oda yuko kwenye One Piece toka Julai 1997.

"Mangaka anakaa peke yake na kalamu yake"

Kwa mwendo wa kila wiki haiwezekani. Kuna wasaidizi, wanaochora majengo, umati wa watu, wanaojaza weusi na vivuli, wanaonyoosha mistari ya kasi. Oda mwenyewe alikuwa msaidizi kwa Nobuhiro Watsuki wa Rurouni Kenshin kabla hajapata stori yake. Usaidizi ni shule, unaona fundi anavyopanga wiki yake.

Sasa jambo ambalo karibu kila nnayemwambia anashtuka: wale wasaidizi kwa kawaida jarida haliwalipi. Anawalipa mangaka, mfukoni mwake. Hii inatupeleka kwenye hela.

"Ukitoka kwenye jarida kubwa umeshatajirika"

Hapa naomba tuende taratibu. Mangaka wengi sio waajiriwa, hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa ukurasa, na baadaye chapta zikikusanywa kuwa kitabu anapata mirabaha, mara nyingi asilimia 10 hivi ya bei ya kitabu. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu, analipwa yen 10,000 kwa ukurasa, kurasa 19, wiki nne, inakuwa yen 760,000 kwa mwezi. Unaona nyingi eeh? Toa wasaidizi watatu, tuseme 200,000 kila mmoja, 600,000 imeondoka. Imebaki 160,000, na hapo hujalipa kodi ya chumba cha kufanyia kazi, umeme, chakula cha hao watu, karatasi na wino, na kodi ya serikali. Kitabu cha kwanza mpaka kitoke ni miezi imepita, na kisipouzwa basi umechora nusu mwaka ukiwa na deni.

Na sio mimi nnayejitungia. Shuho Sato, aliyechora Say Hello to Black Jack, alijitokeza akaweka hesabu zake hadharani akionyesha jinsi malipo ya kurasa yalivyokuwa hayatoshi kulipia gharama za kuzitengeneza hizo kurasa, na huyo stori yake ilikuwa inauzwa kwa mamilioni. 2012 akaamua kuiachia kazi hiyo watu waitumie bure wanavyotaka. Namheshimu sana huyu mzee kwa kusema wazi, kwa sababu vijana wengi wanaingia wamefumba macho.

"Basi subiri anime (manga ikifanywa katuni ya kwenye TV) au filamu, hapo ndo hela ipo"

Mari Yamazaki ndo mwandishi wa Thermae Romae, ile ya Mrumi anayetokea kwenye mabafu ya Kijapani. Filamu yake ilitoka 2012 ikaingiza zaidi ya yen bilioni 5 kwenye majumba ya sinema. Yeye alisema kwenye TV kwamba alilipwa yen milioni moja kwa ajili ya haki ya kutengeneza filamu. Milioni moja! Ukweli ni kwamba filamu na anime vinamsaidia mangaka zaidi kwa sababu vinauza vitabu, na vitabu ndo vina mirabaha yake, ila ile filamu yenyewe wanaokula ni waliowekeza. Mkataba usomwe mstari kwa mstari, hii inatuhusu hata sisi huku wa kuchora mabango na katuni za miradi.

"Ukishaingia Jump hakuna wa kukutoa"

Kila toleo la Weekly Shonen Jump, ndo ile Jump yenyewe, lina utaratibu wa kura, zamani ilikuwa kadi ya posta ndani ya jarida, msomaji anachagua stori tatu alizozipenda. Kura hizo zinahesabiwa na stori inayoburuza mkia inapigwa chini, inaweza ikafa ndani ya miezi michache tu, hata kabla mhusika mkuu hajafika kule mwandishi alikotaka kumfikisha. Mwisho wa 1994 lile jarida lilifika nakala milioni 6.53 kwa toleo moja, sasa fikiria kupigiwa kura na umati huo kila wiki huku wewe unachora.

Na kinyume chake pia ni uongo, kwamba ukikataliwa na Jump basi huna maana. Hajime Isayama aliipeleka Attack on Titan kwao, wakamtaka aibadilishe iendane na jarida lao, akaenda kampuni nyingine ya uchapishaji, Kodansha, ikaanza kutoka 2009 ikaisha 2021, nakala zaidi ya milioni 100.

"Mangaka wa kweli halali"

Hii inaniuma kuliko zote. Naona vijana wanajisifu wamekesha siku mbili, wanapiga picha makopo ya vinywaji vya eneji.

Shigeru Mizuki, mchoraji wa GeGeGe no Kitaro, vitani alipoteza mkono wa kushoto, akachora maisha yake yote kwa mmoja uliobaki. Alichora kamanga kafupi anasimulia walikutana yeye na mangaka wenzake wakubwa, Osamu Tezuka na Shotaro Ishinomori, wale wawili wanatambiana nani amekesha zaidi, yeye anawaambia hata niwe na kazi kiasi gani lazima nilale. Tezuka alifariki 1989 akiwa na miaka 60, na huyo alisomea udaktari kabisa. Ishinomori 1998, miaka 60. Mizuki 2015, miaka 93. Mtu anaweza akasema ni bahati, sawa, ila mimi toka nisome hizo kurasa saa tano usiku nazima taa.

Yoshihiro Togashi wa Hunter x Hunter watu walimtukana miaka na miaka kwamba ni mvivu, ana mapumziko mengi. Aliporudi 2022 baada ya karibu miaka minne alieleza kwamba kwa mgongo wake alikaa kama miaka miwili hawezi hata kukaa kwenye kiti kuchora. Waliomtukana sijawaona wakiomba radhi. Oda naye 2023 alisimama wiki nne kufanyiwa upasuaji wa macho.

Kiti, meza ya urefu sahihi, kunyoosha mikono kila saa, kulala. Vifaa ni hivyo, kabla ya tableti ya bei mbaya.

"Ni kazi ya wanaume"

Rumiko Takahashi alianza Urusei Yatsura 1978, hajaacha mpaka leo, na 2019 tamasha la katuni la Angoulême kule Ufaransa walimpa tuzo yao kubwa kabisa. Hiromu Arakawa wa Fullmetal Alchemist ni binti wa wakulima wa Hokkaido. Dada zangu chukueni kalamu.

"Kama sio Mjapani usijisumbue"

Sitadanganya, lugha ni ukuta. Mhariri anaongea Kijapani, nemu inajadiliwa kwa Kijapani. Lakini Boichi ni Mkorea na amechora Dr. Stone mwanzo mpaka mwisho. Tony Valente ni Mfaransa, Radiant yake ilichapishwa Japani kisha NHK, shirika la utangazaji la Japani, wakarusha anime yake 2018. Felipe Smith, baba Mjamaika mama Muargentina, alihamia Tokyo akachora Peepo Choo kwa Kodansha. Na hili huwa nalisema kwa furaha: Chuo cha Kyoto Seika, ambacho kina kitivo kizima cha manga, toka 2018 mpaka 2022 mkuu wake alikuwa Oussouby Sacko, mzaliwa wa Mali.

Kwa aliyeko Mbagala au Kisumu au Goma bila Kijapani, kuna Silent Manga Audition ya kampuni ya Coamix ya Tokyo, unatuma manga isiyo na neno hata moja, na inapokea watu wa dunia nzima. Shueisha, wachapishaji wa Jump, nao toka 2022 wana MANGA Plus Creators, unapandisha kazi kwa Kiingereza au Kihispania. Nikaitoa ile stori ya genge nikafuta viputo vyote vya maneno. Nilivyofuta nikakuta kurasa tano hazieleweki, zilikuwa zinaishi kwa maneno tu, ikabidi nichore upya mama anavyoishika simu, kwanza kwa mkono mmoja mwenye nyanya mkononi, halafu nyanya ziko chini na mikono yote miwili iko kwenye simu. Niko ukurasa wa 11 sasa hivi.