Turbini ya upepo nyumbani: pima upepo kabla ya kutoa pesa

Sanduku limeandikwa "wati 1,000". Ndani mna mapanga matatu ya faiba, jenereta ndogo, mkia wa bati na karatasi ya maelekezo. Mwenye nyumba anapiga hesabu ya haraka: wati 1,000 kwa saa 24 ni uniti 24 kwa siku, uniti 720 kwa mwezi. Kwaheri tokeni. Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi wanaokuja kwetu kuomba ushauri, na mara nyingi wanakuja wakiwa wameshalipa.

Jibu letu halina mafumbo. Kwa nyumba nyingi za Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia, Kisii na mji wa Nakuru, turbini ndogo ya kuzalisha stima hairudishi gharama yake. Zipo sehemu ambapo inafaa, na tutazifikia, lakini ni chache kuliko wauzaji wanavyosema.

Tuanze na zile wati 1,000. Mtengenezaji hadanganyi, ila amepima mtambo wake kwenye upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde. Mita 12 kwa sekunde ni kilomita 43 kwa saa, upepo ambao matawi makubwa hutikisika na mwavuli haushikiki. Hapa kwetu upepo wa namna hiyo huja na mvua ya radi, ukavuma dakika chache, ukaenda zake. Siku za kawaida, kwenye kimo cha mita kumi hivi, sehemu nyingi za magharibi na ukanda wa Kisumu hupata wastani wa mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Turbini nyingi ndogo hata haziamki kabla ya upepo kufika mita 3.

Unaweza kudhani kwamba upepo ukipungua hadi robo, umeme nao utapungua hadi robo. La. Nguvu iliyomo kwenye upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi. Kasi ikishuka kutoka mita 12 hadi 3, imegawanywa kwa nne. Nguvu imegawanywa kwa nne, tena kwa nne, tena kwa nne, yaani kwa 64. Mtambo wa wati 1,000 umebaki na wati 16. Hizo ni balbu mbili za LED, tena zile ndogo.

Kwa kuwa upepo hauvumi sawasawa, dakika zenye nguvu husaidia kidogo na kupandisha wastani. Tukilitia hilo kwenye hesabu, kisha tukaondoa kinachopotea kwenye waya, betri na jenereta yenyewe, turbini yenye mapanga ya kipenyo cha mita mbili, iliyosimamishwa vizuri mahali penye wastani wa mita 3 kwa sekunde, inaweza kukupa uniti 12 hadi 20 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa siku. Na hata mtambo ungekuwa mzuri namna gani, kuna mpaka usiovukika: mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba hakuna mapanga yanayoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoyapitia. Anayekuuzia turbini ya "teknolojia mpya" inayonasa asilimia 80 anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mwinuko nao hutunyang'anya kidogo. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kisumu, yenye mita 1,130 hivi, hupoteza kama asilimia kumi. Upepo wenye kasi ileile unasukuma mapanga kwa nguvu pungufu.

Hapo huulizwa: mbona Turkana wanafaulu? Mitambo 365 ya Lake Turkana Wind Power, iliyoko upande wa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, ina uwezo wa megawati 310. Lakini pale upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukapita kwa wastani wa kama mita 11 kwa sekunde. Linganisha na mita 3: nguvu yake ni karibu mara 50. Tena mapanga ya kila mtambo yana kipenyo cha mita 52. Kinachofanya kazi Loiyangalani hakithibitishi lolote kuhusu paa la nyumba ya Kondele, mjini Kisumu.

Kuna hoja nyingine ya wauzaji ambayo inasikika vizuri mno: "Usiku jua halipo, lakini upepo upo." Kwingineko duniani ni kweli. Kando ya Ziwa Viktoria mambo ni kinyume, na wavuvi wanajua hili kuliko mhandisi yeyote. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na upepo unavuma kutoka ziwani kuja bara. Huo ndio unaorudisha mashua za tanga nyumbani. Usiku unageuka, ukatoka bara kwenda ziwani, lakini dhaifu zaidi, na ukishapita katikati ya nyumba na miti ya mjini haubaki na nguvu ya maana. Kwa hiyo upepo wa Kisumu unakuja na nguvu alasiri, saa ambazo paneli za sola bado zinafanya kazi, na unalala pale unapowasha taa. Nakuru nako, anayekumbuka vumbi la alasiri kati ya Januari na Machi atakumbuka pia jinsi usiku wa miezi hiyo unavyotulia. Turbini haizibi pengo la sola. Inarundika umeme wake juu ya ule wa sola, kisha vyote viwili vinakuacha gizani saa mbili usiku usipokuwa na betri.

Kimo ndicho kinachosahaulika zaidi. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba mapanga yawe juu kwa angalau mita tisa kuliko kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150. Sasa simama kwenye boma la Vihiga au Kakamega uangalie pande zote. Jirani ana shamba la blugamu, wewe mwenyewe una mparachichi na mwembe, kanisa liko pale. Blugamu zikiwa na mita 15 leo, unahitaji mnara wa mita 24, na baada ya miaka mitano miti imekupita tena. Upepo unaotoka nyuma ya miti si mdogo tu, unazungukazunguka. Mapanga yanageuka huku na huku yakitafuta upande, beringi zinalika, umeme hautoki. Mnara wa kimo hicho, pamoja na zege na nyaya za kuushikilia, unaweza kugharimu kuliko turbini yenyewe, na hapo ndipo watu huamua kufunga mtambo juu ya paa.

Usifunge juu ya paa. Uingereza, nchi yenye upepo mwingi kuliko sisi, walilijaribu jambo hili kwa vipimo. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2008, katika utafiti ulioitwa Warwick Wind Trials, turbini 26 zilizofungwa kwenye majengo zilifuatiliwa. Wastani wa kila moja ulikuwa wati-saa 214 kwa siku, ukihesabu na vipindi ilivyokuwa imezimwa. Hizo zinawasha balbu moja ya wati 9 kwa karibu saa 24, basi. Kwa nyumba ya mabati kuna adha ya ziada: mtetemo unashuka kwenye mbao za paa, misumari inalegea, na usiku wa mvua chumba kizima kinavuma.

Tuje kwenye shilingi. Chukua mfano wa mtu aliyetumia shilingi 150,000 kwa turbini, mnara, betri na fundi. Uniti moja ya stima ya nyumbani, pamoja na kodi na tozo zake, tuichukue kuwa shilingi 25. Turbini ikimpa uniti 20 kwa mwezi, ameokoa shilingi 500. Atarudisha pesa yake baada ya miezi 300, yaani miaka 25. Ikimpa uniti 12, ni zaidi ya miaka 40. Na hapo hatujabadilisha betri hata mara moja, hatujanunua beringi, hatujamlipa mtu wa kuteremsha mnara. Paneli moja ya sola ya wati 400, kwa jua la Kisumu linalolingana na takriban saa tano za jua kali kwa siku, hutoa kama uniti 45 kwa mwezi baada ya kuondoa upotevu. Haina kinachozunguka, haihitaji mnara, na fundi wa kuifunga yuko kila mji.

Wengi wanaotuuliza kuhusu turbini, ukiwasikiliza vizuri, hawatafuti umeme wa upepo. Wamechoka na stima kupotea. Hilo ni tatizo tofauti na dawa yake ni rahisi zaidi. Balbu tano za wati 9, televisheni ya wati 60 na kifaa cha intaneti cha wati 10 ni wati 115; kwa saa nne za giza unahitaji wati-saa 460. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na saa-ampea 100, yaani wati-saa 1,200, pamoja na inverta, inakubeba jioni nzima na kubakiza, na unaweza kuichaji kwa stima yenyewe ikiwapo. Paneli utaongeza ukipata pesa.

Sasa zile sehemu zinazofaa. Visiwa vilivyo wazi kama Mfangano na Rusinga, na fukwe zisizo na miti upande wa Mbita na Usenge, hupata upepo wa ziwa bila kizuizi. Kwenye kaunti ya Nakuru, kingo za kreta ya Menengai, miinuko ya Eburru na migongo ya Mau iliyo wazi ina upepo tofauti kabisa na ule wa mjini chini. Kuelekea Kinangop, ng'ambo ya mpaka wa Nyandarua, upepo ni wa kutosha kiasi kwamba ulipangwa mradi wa megawati 60 pale. Uliokwamisha mradi huo ni mgogoro wa ardhi. Ukiishi mahali kama hapo, na laini ya stima iko mbali, turbini pamoja na sola inaweza kuwa na maana, hasa miezi ya mawingu. Kwa wastani wa mita 5 kwa sekunde umeme unakuwa zaidi ya mara nne ya ule wa mita 3, na hesabu yote hapo juu inabadilika.

Upepo una kazi nyingine ambayo tunaipuuza bila sababu: kuvuta maji. Pampu za upepo aina ya Kijito, zilizotengenezwa Thika, zilisambaa sehemu nyingi kavu za nchi. Zina mapanga mengi mapana, huzunguka polepole lakini kwa nguvu, na hazijali upepo ukikatika, kwa sababu kinachohifadhiwa ni maji kwenye tangi. Hakuna betri ya kufa. Siku hizi pampu za sola zimezipiku kwa bei, lakini mwenye shamba kwenye mgongo wenye upepo asizitoe hesabuni.

Ili kujua upepo wako, kuna ramani ya bure mtandaoni iitwayo Global Wind Atlas. Itumie, ila angalia usidanganyike: inapofunguka inaonyesha upepo wa kimo cha mita 100. Mnara wako ni wa mita 12. Badilisha kimo hadi mita 10 kwanza, uone namba inavyoporomoka. Kisha nunua kipima upepo, ukifunge juu ya mlingoti palepale unapotaka kuweka mtambo, uandike vipimo asubuhi, alasiri na usiku kwa miezi kadhaa, ukipitia masika na kiangazi. Mali bila daftari huisha bila habari. Wastani ukiwa chini ya mita 4, peleka pesa kwenye sola. Ukifika 5, njoo tuzungumze. Na muuzaji umuulize kipenyo cha mapanga na kiasi cha umeme kwenye upepo wa mita 4. Akirudia tu kukutajia wati za kwenye sanduku, umepata jibu.

Kwa waliokwisha kununua, neno la usalama. Paneli ya sola ukiikata waya inatulia. Turbini ukiikata kwenye betri huku upepo unavuma, haina tena kinachoizuia. Itazunguka kwa kasi hadi mapanga yarushwe au jenereta iungue. Ndiyo maana mfumo wake lazima uwe na kifaa cha kumwaga umeme wa ziada betri ikijaa, na swichi ya breki inayoziunganisha pamoja nyaya tatu za jenereta. Vuta swichi hiyo upepo ukiwa mdogo, kabla dhoruba haijafika, si katikati yake. Mnara uwe na waya wa ardhi mnene na chuma kilichozamishwa vizuri. Kisii na Kakamega zinajulikana kwa radi, na bomba la chuma la mita 12 linaialika. Uwe pia wa kulaza chini kwa kamba, ili fundi asipande. Mwezi Machi, kabla ya mvua ya masika, ulaze, kaza skrubu za mapanga moja moja, sikiliza beringi kwa kuyazungusha kwa mkono, na ukiona panga lina ufa hata mdogo usiusimamishe tena.