Uchaguzi wa Uingereza haufutwi kwa uchache wa wapiga kura

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu: eti wakijitokeza chini ya nusu ya walioandikishwa, uchaguzi wa bunge Uingereza unabatilishwa, kwa hiyo anayechukia kodi abaki nyumbani.

Si kweli. Sheria haikuweka kiwango cha chini cha kujitokeza. Katika kila jimbo anayeongoza ndiye mshindi, hata kwa kura moja. Mwaka 2012, kwenye uchaguzi mdogo wa Manchester Central, walipiga kura takriban asilimia 18 tu, na mbunge akapatikana. Hata kura zilizoharibika hazifuti uchaguzi; hutangazwa idadi yake, basi.

Mkanganyiko una asili yake. Kura ya maoni ya Scotland ya 1979, kuhusu kuipa Scotland baraza lake la kutunga sheria, ilitaka “ndiyo” ifikie asilimia 40 ya walioandikishwa wote. Ilipata karibu 33, pendekezo likaanguka ingawa “ndiyo” ilizidi “hapana”. Lakini ile ilikuwa kura ya maoni, yenye sharti lake maalumu.

Ukitaka kuhakiki, tazama matokeo ya jimbo kwenye tovuti ya halmashauri: waliojitokeza wameandikwa, na jina la mshindi pia. Ujumbe huu unamnyamazisha mtu mwenye dai la haki, na hilo linaniuma. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze.