Uhusiano wa Nchi Mbili Ukilegalega, Balozi Huanzia Wapi?

Nchi inapomwita balozi wake nyumbani "kwa mashauriano", wengi hudhani uhusiano umevunjika. Haujavunjika. Ubalozi unabaki wazi, kaimu balozi anaendelea na kazi, viza zinatolewa. Hata uhusiano ukivunjwa kweli, Ibara ya 45 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, unaosimamia uhusiano wa kidiplomasia, inaruhusu nchi ya tatu kusimamia maslahi ya nchi iliyoondoka. Uswisi imefanya hivyo kwa niaba ya Marekani nchini Iran tangu 1980.

Balozi mpya hatumwi hadi nchi mwenyeji iridhie jina lake, na ikikataa hailazimiki kutoa sababu. Ombi likikaa kimya muda mrefu, hilo nalo ni jibu.

Akishafika, mlango wake ni Wizara ya Mambo ya Nje. Huko mengi hupita kwa noti ya kidiplomasia: imeandikwa kwa nafsi ya tatu, ina muhuri na herufi za mwanzo za jina badala ya saini kamili. Hufunguliwa kwa salamu za heshima za Ubalozi kwa Wizara, hata inapolalamika vikali. Salamu hizo zikiondolewa, maofisa wa Wizara huelewa kabla ya kusoma mstari wa pili.

Balozi mzoefu haanzi na suala lililozua ugomvi. Huanza na lile ambalo mkurugenzi wa idara anaweza kulimaliza bila kwenda kwa waziri: malori yaliyokwama mpakani, raia aliyezuiliwa bila ubalozi kuarifiwa, viza za wanafunzi. Kila moja likimalizika, maofisa wa pande zote mbili hupata sababu ya kupigiana simu tena.

Kwa suala kubwa, hutumia waraka usio rasmi, usio na nembo wala saini. Pendekezo likikataliwa, hakuna serikali iliyoaibika. Hatari ni kuvuja: likishatoka magazetini, kila upande hulazimika kulikana, hata kama ulikuwa umelikubali.

Mengi huharibika kwa haraka. Balozi akiahidi kabla serikali yake haijaidhinisha, neno lake halina uzito tena. Akizungumzia siasa za ndani hadharani, anaweza kushutumiwa kukiuka Ibara ya 41 ya Mkataba wa Vienna, inayokataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenyeji, na Ibara ya 9 inamruhusu mwenyeji kumtangaza mtu asiyetakiwa, bila maelezo. Ziara ya waziri nayo isipangwe kabla rasimu ya taarifa ya pamoja haijakubaliwa, neno kwa neno.