Ana implanti mbili, mbona darasani hasikii?

Hili swali naulizwa sana, na ndugu na hata walimu, kwa sababu mwanangu ana implanti za kokilea masikio yote mawili, yaani vifaa vya kusikia ambavyo sehemu moja inawekwa ndani ya sikio kwa operesheni, na mashine ya nje inavaliwa.

Wengi wanadhani mbili zikishawekwa basi anasikia kama sisi. Hapana jamani. Sikio zima lina seli kama 3,500 za kupeleka sauti kwenye neva, implanti inaifanya hiyo kazi kwa elektrodi (vincha vidogo vya umeme) 12 mpaka 22 tu. Chumba kikiwa kimya mnapiga stori vizuri kabisa, ila kelele zikianza, maneno na kelele vinapita njia hizo hizo chache vinachanganyika.

Kuna wanaosema basi ya pili ni kupoteza hela, na hapa ndo naumia, maana kuna mzazi anaamua kwa maneno kama haya. Kichwa chenyewe ni ukuta. Jenereta ikinguruma kushoto, sikio la kulia limekingwa, maneno yanaingia huko yakiwa safi zaidi, lakini mwenye moja tu, kelele ikikaa upande wa mashine yake ndo basi tena. Uingereza tangu 2009 mwongozo wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya matibabu, unapendekeza mtoto kiziwi ambaye shimesikio (kifaa cha kawaida cha kukuza sauti) haimsaidii awekewe zote mbili kwa operesheni moja. Na ukichelewesha sana ya pili ubongo unazoea upande mmoja. Ila kweli, mashine mbili kwa kawaida kila moja inafanya kazi kivyake, ile tofauti ndogo sana ya muda sauti inapofika sikio hili na lile inapotea, kwa hiyo watu wakiongea kwa pamoja bado anapata shida.

Eti upaze sauti? Usipige kelele, msogelee. Au mwalimu avae maikrofoni ndogo inayorusha sauti yake moja kwa moja kwenye mashine, hii inasaidia mno, hata akiwa kageukia ubao au kasimama nyuma ya darasa.

Na hili la kuitwa mvivu, hataki kusikiliza. Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Siku za mvua, bati likipigwa, namuona anageuza kichwa huku na huku, macho kwenye mdomo wangu, halafu akitoka shule anavua mashine zote mbili za nje anaziweka mezani, anakaa kimya hata nusu saa. Nilidhani kanuna, kumbe kachoka kusikiliza.