Fedha za wakfu wa vyuo vikuu na mafuta yaliyomo ndani yake

Chuo kikuu kinapotangaza kwamba kinaondoa fedha zake katika kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe, wengi huuliza tu kama kimekubali au kimekataa. Kazi yangu ni kuchambua uwekezaji wa mifuko ya wakfu na ya pensheni, na swali ninaloanza nalo ni fedha hizo zimewekwa kwa mkataba wa namna gani. Harvard, ya Marekani, inaonyesha vizuri kwa nini swali hilo lina uzito.

Oktoba 2013, Drew Faust, aliyekuwa rais wa chuo hicho, aliwakatalia wanafunzi ombi lao la kuondoa fedha za chuo katika kampuni hizo, kwa hoja kwamba wakfu ni rasilimali ya masomo na utafiti, wala haufai kufanywa chombo cha kusukuma mabadiliko ya kijamii na kisiasa. Hoja hiyo ina msingi, kwa kuwa fedha za wakfu ni amana, nyingi zikiwa zimetolewa kwa masharti na watu waliokwisha kufariki, na anayezisimamia hana ruhusa ya kuzitumia apendavyo. Mwaka 2014 wanafunzi saba walifungua kesi ya kukilazimisha chuo kuziondoa. Mwaka uliofuata mahakama ya Massachusetts iliitupilia mbali, ikieleza kwamba usimamizi wa taasisi za hisani uko mikononi mwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Naamini hukumu hiyo ndiyo iliyowaonyesha njia waliotaka fedha hizo ziondolewe. Machi 2021 wanaharakati wa chuo hicho walipeleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu huyo, wakitumia sheria inayomtaka msimamizi wa fedha za taasisi kuwa mwangalifu, na wakadai kwamba kuzifunga fedha za amana katika biashara inayoharibu tabianchi ni kuivunja sheria hiyo. Hoja ya amana, iliyokuwa ngao ya chuo, sasa ilikuwa mikononi mwao. Septemba mwaka huohuo rais aliyemfuata Faust, Lawrence Bacow, alitangaza kwamba wakfu hauna uwekezaji wa moja kwa moja katika kampuni zinazotafuta na kuendeleza akiba mpya za nishati ya kisukuku, yaani mafuta, gesi na makaa ya mawe, na kwamba hautarajii kuufanya kwa sababu hauoni kuwa ni wa busara.

Maneno "moja kwa moja" yanahitaji kusomwa polepole. Harvard ilikuwa bado mbia katika mifuko binafsi ya uwekezaji inayomiliki mali za mafuta na gesi. Katika mfuko wa namna hiyo, mbia huahidi kiasi fulani cha fedha, meneja wa nje huziita kidogo kidogo na kuchagua mwenyewe cha kununua, na mara nyingi mkataba hudumu miaka kumi au zaidi. Mbia anayetaka kutoka mapema hulazimika kuuza sehemu yake, mara nyingi kwa hasara, la sivyo husubiri hadi mali ziuzwe. Chuo kilisema sehemu hiyo ilikuwa chini ya asilimia 2 ya wakfu na kwamba ingeachwa iishe bila kuongezwa ahadi mpya. Lakini asilimia 2 ya wakfu uliokuwa na takriban dola bilioni 42 ni zaidi ya dola milioni 800.

Ni kweli kwamba hisa inayouzwa sokoni leo hununuliwa na mwingine leo hiihii, na kampuni haipungukiwi na senti moja ya mtaji wake. Ndiyo maana naipa uzito mkubwa zaidi ahadi ya kutoingia katika mifuko mipya, kwa sababu fedha za mifuko hiyo ndizo zinazoweza kwenda kuchimba visima ambavyo bado havipo.

Cornell, katika jimbo la New York, ilichukua hatua hiyo Mei 2020 iliposimamisha uwekezaji mpya wa binafsi katika nishati ya kisukuku na kuiacha mikataba ya zamani ifikie mwisho wake. Chuo hichohicho, tangu mwaka 2000, hupoza majengo yake kwa maji ya vilindi vya Ziwa Cayuga: maji hayo hupita kando ya maji ya mabomba ya chuo, huyapokonya joto bila kuchanganyika nayo, kisha hurudishwa ziwani, na umeme unaotumika ni sehemu ndogo tu ya ule uliohitajiwa na mitambo ya awali. Nafuu hiyo husomwa kwenye mita ya umeme. Ile ya wakfu itasomwa katika taarifa za fedha za kila mwaka, kadiri mikataba ya zamani inavyokwisha.